Hasi Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Protini Zinazoashiria Mwendo wa Saratani

UTANGULIZI

Msomaji wa hadithi anapokwama katika neno moja huliruka akaendelea mbele, na hadithi ikamfikia vilevile. Mgonjwa anayekwama katika neno moja la cheti cha maabara hana pa kurukia, kwa kuwa neno lile ndilo habari yote aliyopewa. Kwa sababu hiyo istilahi za tiba zinastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ile tunayoitumia kwa fani nyingine, na mtu aliyeshiriki kuziunda hana budi kuzirudia na kuzitazama kana kwamba zimeundwa na mwingine.

Makala hii inakusudia kuhakiki orodha moja ya istilahi za maabara ya saratani, hasa sehemu inayohusu protini zinazochunguzwa katika saratani ya titi na ya mlango wa kizazi ili kujua ugonjwa una tabia gani na unaelekea wapi. Orodha hiyo imetumika kwa miaka kadhaa katika vipeperushi, katika fomu za majibu na katika mafunzo ya wauguzi. Hatutaitaja kwa jina, wala hatutawataja walioiandaa. Wengi wao ni wataalamu waliotoa jioni zao bila malipo kwa ajili ya lugha yetu, nao wanastahili shukrani. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokaa katika kamati iliyoipitia lugha ya orodha hiyo na kuiidhinisha. Kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayotajwa hapa ni yangu.

Umuhimu wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na wapatao 660,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ya pili iliua wanawake wapatao 350,000 katika mwaka huo mmoja. Hapa Tanzania saratani hizo mbili ndizo zinazoongoza kwa wanawake. Mgonjwa anapokatwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, mafundi wa maabara hukikata vipande vyembamba mno, wakavipaka kingamwili ambazo kila moja hutafuta protini yake, na protini ikiwapo rangi ya kahawia hutokea chini ya hadubini. Mwanapatholojia huihesabu rangi hiyo na kuandika cheti. Cheti hicho ndicho kinachoamua dawa. Na maneno ya cheti hicho, yanapokuwa ya Kiswahili, ni kazi yetu.

1. JINA LA UGONJWA NA LA MAHALI

Tuanze na mambo mepesi. Orodha inatumia "saratani" katika kurasa zake za mwanzo na "kansa" katika fomu zake. Maneno yote mawili yana nasaba moja ya fikra: Wayunani, Warumi na Waarabu wote waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, mnyama wa pwani mwenye magando. "Saratani" ilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na "kansa" kwa njia ya Kiingereza. Hatuna ugomvi na yeyote anayesema kansa nyumbani kwake. Lakini dhana moja ndani ya orodha moja inatakiwa kuwa na jina moja, na "saratani" ndilo lililokwisha kuzoeleka katika maandishi rasmi.

Kosa la namna hiyo linaonekana pia katika jina la mahali. Kichwa cha sura kinasema "shingo ya kizazi", na maelezo chini yake yanasema "mlango wa kizazi". Aliyechagua "shingo" amefuata Kilatini, ambamo sehemu hiyo huitwa shingo kweli. Lakini mwananchi anaposikia shingo hushika koo lake. "Mlango" unafuata maarifa ya wanawake wenyewe: kila mama aliyelazwa wodi ya wazazi amewahi kuambiwa kuwa mlango umefunguka kiasi gani. Istilahi iliyokwisha kupita midomoni mwa wakunga na wazazi haihitaji mtetezi mwingine. Tunapendekeza "mlango wa kizazi", pasipo mshirika.

Neno "uvimbe" nalo lina tatizo, ingawa ni zuri kwa asili. Titi mara nyingi hutoa uvimbe unaoweza kushikika kwa vidole. Mlango wa kizazi aghalabu hautoi uvimbe ambao mwanamke ataugusa. Hutoa damu isiyo ya siku zake, au damu baada ya tendo la ndoa, au maji yenye harufu. Kipeperushi kinachosema "dalili ni uvimbe" kwa saratani zote mbili kinamwambia mwanamke wa pili kwamba yeye ni mzima. Neno "uvimbe" libaki, lakini lisifanywe jina la saratani yenyewe.

2. KITENZI KIMOJA KWA KAZI NNE

Sasa tufike kwenye kitenzi "kuenea". Orodha imelitumia neno hili kwa seli inayoingia katika nyama ya jirani, kwa saratani iliyofika kwenye tezi za kwapa, kwa saratani iliyofika kwenye mifupa, na kwa virusi vinavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kipeperushi kimoja kilichojengwa juu ya orodha hii kina vichwa viwili vya habari katika ukurasa mmoja: "Kuzuia kuenea kwa saratani" na "Saratani inavyoenea". Cha kwanza kinazungumzia chanjo. Cha pili kinazungumzia mapafu na ini.

Msomaji anayetumia akili yake timamu atafikia uamuzi gani? Ataamua kwamba saratani huambukizwa. Kumbe kinachoambukizwa ni virusi vya papiloma, ambavyo hupita kwa njia ya kujamiiana na ndivyo chanzo cha takriban saratani zote za mlango wa kizazi. Saratani yenyewe haimtoki mgonjwa ikamwingia anayemuuguza. Tofauti hii si ya darasani tu. Ikipotea, mgonjwa hutengewa sahani na kikombe, na wifi huacha kumletea mtoto ampakate.

Zaidi ya hayo, mwendo wa saratani ndani ya mwili una hatua ambazo protini tunazozihakiki zimegawana kazi, na kitenzi kimoja hakiwezi kuzionyesha.

Kwanza, seli hubanduka. Katika tishu nzima seli zimeshikamana kwa protini iitwayo kadherini E, ambayo ni kama chokaa baina ya mawe ya ukuta. Protini hiyo ikipungua, mawe huachana. Iko aina moja ya saratani ya titi, iliyopewa jina la vitezi vya maziwa, ambamo kadherini E kwa kawaida imetoweka. Wanapatholojia hutumia kutoweka huko kuitambua aina hiyo, na chini ya hadubini seli zake huonekana zimepangana moja moja katika mistari. Pengine kadherini E inapopungua, protini nyingine, vimentini, huongezeka. Hiyo ni protini ya seli zenye tabia ya kutembea.

Pili, seli hupenya. Chini ya safu ya seli za juu kuna utando msingi, uliofumwa kwa kolajeni ya aina ya 4. Vimeng'enya viwili, MMP-2 na MMP-9, vina uwezo wa kuuyeyusha utando huo, na seli zikapata upenyo wa kwenda chini.

Tatu, seli husafiri, katika damu au katika limfu.

Nne, seli chache kati ya nyingi zilizosafiri hufika mahali, zikakaa, zikazaana. Hatua hii ndiyo inayoua, nayo haina jina katika orodha yetu ila "kuenea" kulekule.

Kiswahili hakina uhaba hapa. Mtu aliyekwenda ugenini akakaa moja kwa moja, akajenga na kuota mizizi, husemwa kuwa amelowea, naye huitwa mlowezi. Tunapendekeza saratani iliyoota mbali na ilikoanzia iitwe "saratani iliyolowea", na tendo lenyewe "kulowea". Baadhi ya wenzetu wamecheka walipolisikia pendekezo hili, wakisema walowezi ni watu wa historia, wenye mashamba makubwa. Ndiyo kwa hakika. Lakini mlowezi ana sifa moja ambayo mgonjwa anahitaji kuielewa: habadili asili yake. Seli ya titi iliyolowea katika mfupa hubaki kuwa seli ya titi. Hutibiwa kama saratani ya titi. Wagonjwa wengi huambiwa wana saratani ya titi, kisha mwaka mwingine wakaambiwa "saratani ya mifupa", wakadhani wamepatwa na ugonjwa wa pili. "Saratani ya titi iliyolowea katika mifupa" inaondoa dhana hiyo kwa maneno machache.

Tena fikra hii si ngeni kwa wataalamu. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Akaona kwamba ugonjwa haukuangukia viungo ovyo: ini lilipatwa mara nyingi sana kuliko wengu. Akaeleza jambo hilo kwa mfano wa mbegu na udongo: mbegu huchukuliwa kila upande, lakini huota tu penye udongo unaoifaa. Mkulima yeyote wa kwetu angeuelewa mfano huo bila mkalimani.

Saratani ya mlango wa kizazi, kwa upande wake, mara nyingi hutambaa kabla ya kulowea. Huingia katika nyama iliyo pembeni mwa mji wa mimba, ikashuka ukeni, ikafika kwenye kibofu au kwenye utumbo wa nyuma, na pengine ikabana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mgonjwa huweza kufa kwa figo bila saratani kufika kwenye mapafu wala mifupa. Ndiyo maana "kutambaa" na "kulowea" hayapasi kuchanganywa. Mganga anayesoma "imeenea" katika cheti cha rufaa hajui kama apime figo au apige picha ya kifua.

3. ALAMA, DALILI NA KIASHIRIO

Orodha inaziita protini zote hizi "alama za kuenea". Tuna hoja tatu juu ya jina hilo.

Hoja ya kwanza ni juu ya "alama". Alama ni kitu kilichotiwa na mtu ili kitambulikane: alama ya mpaka, alama ya mtihani. "Dalili" nayo ni kile mgonjwa anachokiona au kukihisi mwenyewe. Protini ya maabara si mojawapo ya hayo. Yenyewe haionekani kwa jicho wala haikuwekwa na mtu, ila kwa kuwapo kwake au kutokuwapo kwake huelekeza kwenye jambo jingine. Neno linalofaa ni "kiashirio". Lakini mtu asikimbilie kusema "kiashirio cha protini", maana hicho kwa mama mjamzito ni kile kijiti cha kupimia protini katika mkojo. Tunapendekeza "protini ashirifu", yaani protini yenye sifa ya kuashiria.

Hapa inafaa tukumbushe kwamba "protini" kwa wananchi wengi ni chakula: maharage, mayai, dagaa, nyama. Mgonjwa anayeambiwa "protini yako imezidi" anaweza kuacha kula vyakula hivyo wakati mwili wake unavihitaji kuliko wakati wowote. Hatulipingi neno, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi mashuleni. Tunasema tu kwamba katika cheti lisisimame peke yake: liandikwe "protini ya seli" kila linapotajwa.

Hoja ya pili ni kwamba si protini zote zilizoorodheshwa zinaashiria kuenea. Orodha imezikusanya katika kapu moja, na kapu hilo halina budi kupekuliwa. Ziko zinazoashiria chanzo, ziko zinazoashiria kasi, ziko zinazoashiria tiba, na ziko zinazoashiria mwendo. Kadherini E, vimentini na vile vimeng'enya viwili ni za mwendo. Ki-67 ni ya kasi: huonekana katika seli zilizo katika harakati za kugawanyika, nayo ilipewa jina la mji wa Kiel wa Ujerumani, ambako iligunduliwa. Vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni na HER2 huashiria kwanza kabisa dawa ipi itafaa. Aidha ziko zinazopimwa katika damu wakati wa kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kujulikana, kama CA 15-3 katika saratani ya titi. Hiyo haipaswi kutumiwa kumpima mtu mzima ili kutafuta saratani, kwani huweza kupanda hata kwa ugonjwa wa ini usio saratani. Orodha iliyoiita "alama ya kuenea" imempa mgonjwa wa ini hofu isiyo yake.

Mfano ulio bora zaidi ni p16, ambayo orodha imeifasili kuwa "protini inayosababisha saratani ya shingo ya kizazi". Fasili hiyo imeupindua ukweli. p16 ni miongoni mwa breki za seli. Kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike ovyo. Virusi vya papiloma vilivyo vya hatari hutengeneza protini iitwayo E7, ambayo huilemaza protini nyingine, Rb, ambayo kwayo breki hiyo hufanya kazi. Seli huongeza p16 na kuongeza tena, bila kufaulu. Ni kama utingo anayepiga kelele "simamisha!" ndani ya gari lililokatika breki. Kelele zimekuwa nyingi kwa sababu gari halisimami, lakini si kelele zinazolipeleka gari bondeni. p16 nyingi katika mlango wa kizazi ni kiashirio cha chanzo: inatuambia kwamba virusi vimekwisha kuingia katika uendeshaji wa seli.

Hoja ya tatu inahusu tarakimu. Katika ukurasa mmoja orodha ina "HPV 16" na "p16", na mfunzwa mmoja wa uuguzi aliwahi kuniuliza kama hiyo ya pili ni kifupi cha ya kwanza. Swali lake lilikuwa la haki. Namba ya kwanza ni ya aina ya virusi. Aina ya 16 na ya 18 pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Namba ya pili ni ya uzito wa protini, kilodaltoni 16. Zimekutana kwa bahati tu. Tunapendekeza ya kwanza iandikwe daima "virusi vya papiloma, aina ya 16", na ya pili "protini ya seli p16".

4. HASI NA CHANYA

Tumeiacha kwa makusudi sehemu iliyo nzito hadi hapa.

"Hasi" na "chanya" yalikuja kwetu kwa mlango wa hisabati na umeme. Namba hasi haina ubaya kuliko namba chanya, wala chaji chanya haina wema kuliko chaji hasi. Baadaye maneno hayo yakatoka darasani. Katika hotuba na magazeti "mtazamo chanya" ukawa ndio mtazamo mwema, na "mtazamo hasi" ukawa mbaya. Kisha yakaingia katika vituo vya kupimia virusi vya UKIMWI, na huko yakageuka: "hasi" ikawa ndilo jibu ambalo kila mtu humwomba Mungu, na "chanya" ikawa ndilo jibu linaloogopwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukakazia maana hiyo ya pili. Leo mwananchi akiwa ameshika karatasi ya hospitali mkononi, "hasi" kwake ina maana moja tu: umesalimika.

Orodha yetu imeyachukua maneno hayo na kuyabandika kwenye vipokezi. Kipokezi ni protini ya seli inayopokea ujumbe, kama kitasa kinavyopokea ufunguo. Saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni huweza kuzuiwa kwa vidonge vinavyoziba kitasa hicho au vinavyopunguza homoni yenyewe. Yenye HER2 nyingi, ambayo ni kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya saratani za titi, huwa na mwendo mkali, lakini ina dawa yake maalumu, ambayo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ile isiyo na kimojawapo cha vipokezi hivi vitatu haizuiliki kwa dawa za namna hizo mbili. Kwa kawaida huwa kali, huonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo na kwa wenye asili ya Kiafrika, na inahitaji kuwahiwa kwa dawa za mshipani na njia nyingine. Orodha iliita hiyo ya mwisho "saratani hasi tatu".

Neno hilo nililiinulia mkono mimi katika kamati. Nakumbuka sababu nilizozitoa. Nilisema ni fupi. Nilisema lina utaratibu, maana linafuata "hasi" na "chanya" zilizokwisha kukubalika. Nilisema mtaalamu akilitafsiri kurudi katika lugha ya kigeni atapata kilekile alichoanza nacho. Wenzangu walikubali, tukaendelea na neno lililofuata.

Miaka miwili iliyopita shangazi yangu alikuja nyumbani na bahasha. Alikuwa amekatwa kipande cha titi wiki nyingi kabla, na nilikuwa sijathubutu kumwuliza majibu. Uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

"Mwanangu, Alhamdulillahi," akasema. "Wamenipima vitu vitatu. Vyote hasi."

Nikaichukua karatasi. Maneno niliyoyainulia mkono yalikuwa yamepigwa chapa ya herufi kubwa, yakakaziwa kwa mstari. Tarehe aliyopangiwa kurudi kliniki ilikuwa imepita kwa wiki tano. Hakuwa amesahau, hakuona sababu ya kurudi. Alikuwa ameshasomewa dua ya shukrani, na majirani walikuwa wamekula.

Nikamwambia, "Shangazi, hasi hii si ile."

Akanitazama kwa muda. "Basi kwa nini mkaiita hasi?"

Sikuwa na jibu, na wala hata leo sina. Alirudi kliniki juma lile lile akaanza dawa. Siandiki haya ili kumlaumu muuguzi aliyempa bahasha, alisoma kilichoandikwa. Naandika kwa sababu vigezo nilivyovitumia vilikuwa sahihi vyote: ufupi, utaratibu, uwiano na lugha za kimataifa. Kilichokosekana ni kumwuliza mtu mmoja atakayeipokea karatasi hiyo.

Wako watakaosema kwamba daktari analihitaji neno la haraka na la uhakika. Ni kweli. Lakini hata kwa daktari, "hasi" na "chanya" zimeanza kuchakaa. Kipokezi cha estrojeni huhesabiwa kuwapo kikionekana katika asilimia 1 tu ya seli, na miongozo ya mwaka 2020 imetenga walio kati ya asilimia 1 na 10 kuwa kundi la pekee, kwa kuwa huenda dawa isiwasaidie kama wengine. HER2 hupimwa kwa ngazi nne, tangu 0 hadi 3+, na ngazi ya 2+ si ndiyo wala si siyo, bali inadai kipimo kingine. Tena mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa kwa wagonjwa wenye saratani iliyolowea yenye HER2 kidogo, watu ambao jana yake walikuwa wakiitwa "hasi" bila mjadala. Maneno mawili hayawezi kubeba ngazi nne. Kiswahili, kwa bahati njema, kina "haina", "ina kidogo", "ina kiasi" na "ina nyingi", ambayo kila mtu ameyajua tangu utotoni.

5. MAPENDEKEZO

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

(a) Ugonjwa wenyewe: saratani. Sehemu ya chini ya mji wa mimba: mlango wa kizazi.

(b) Protini ya seli ambayo kuwapo, kuzidi au kutoweka kwake huelekeza kwenye tabia ya saratani: protini ashirifu. Ziainishwe kuwa za chanzo, za kasi, za tiba na za mwendo.

(c) Seli kuachana na wenzake: kubanduka. Kuingia chini ya utando msingi: kupenya. Kuingia viungo vya jirani: kutambaa. Kupita katika damu au limfu: kusafiri. Kuota katika kiungo cha mbali: kulowea.

(d) Ugonjwa au virusi kutoka mtu hadi mtu: kuambukiza. Neno "kuenea" lisitumike katika cheti cha saratani.

(e) Matokeo ya vipokezi na ya protini nyingine: haina, ina kidogo, ina kiasi, ina nyingi, pamoja na asilimia au ngazi yake. "Hasi" na "chanya" ziondolewe.

(f) Mahali pa "saratani hasi tatu": saratani isiyo na vipokezi vitatu. Chini yake iandikwe sentensi moja kamili: "Saratani ipo na inahitaji tiba ya mapema, vidonge vya kuzuia homoni havitafaa, dawa nyingine zipo."

Tunajua kwamba pendekezo la mwisho ni refu, na wakuza istilahi hatupendi urefu. Tumefundishwa kwamba istilahi nzuri ni fupi, nasi tumewafundisha wengine hivyo. Lakini ufupi ni sifa ya pili. Sifa ya kwanza ni kwamba neno lisiseme kinyume cha kitu.

HITIMISHO

Orodha tuliyoihakiki ina mema mengi ambayo hatukuyagusa. "Kipokezi", "kingamwili", "kimeng'enya" na "utando msingi" ni maneno yaliyokaa vizuri, na yatadumu. Makosa tuliyoyaonyesha hayakutokana na uvivu wala na umaskini wa lugha. Yalitokana na jambo moja: tulikuwa wanakamati, wanaisimu na madaktari tukizungumza sisi kwa sisi, na mtu ambaye maneno yalikuwa yanamhusu hakuwa na kiti chumbani.

Kwa hiyo tunatoa ombi moja la utaratibu. Kabla istilahi yoyote ya cheti cha hospitali haijapitishwa, isomwe kwa sauti mbele ya watu wanne au watano ambao si wa fani hiyo, wakiwamo wazee, kisha waulizwe swali moja tu: "Ukipewa jibu hili, kesho utafanya nini?" Wakisema watarudi kliniki wakati watakiwapo kurudi, neno limefaulu. Wakisema watapika sadaka, turudi mezani.

Wauguzi, wakunga na mafundi wa maabara wanaosoma ukurasa huu wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wenyewe wanapomweleza mgonjwa majibu yake, hata kama wanadhani si fasaha. Tutayapokea na kuyajadili pamoja na haya yetu.